Fahamu zikipotea zinaenda wapi? Mimi ni huu ubongo, au kuna mwenye ubongo?

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu,

Hiki kitu kimenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na nikiwaambia watu wa karibu wananiangalia kama vile dawa bado hazijanitoka, kwa hiyo nimeona nikilete huku. Nilifanyiwa oparesheni, sio kubwa kivile ila ilikuwa ya nusu kaputi. Dokta wa usingizi kaja na bomba la sindano lina dawa nyeupe kama maziwa, kaichomeka kwenye dripu akaniambia nihesabu kuanzia kumi nikirudi nyuma. Kumi, tisa, nane... saba hata sijui kama niliitamka au niliifikiria tu. Halafu nesi ananipigapiga shavuni ananiita jina, fungua macho, tumemaliza. Nikamuuliza kwani mnaanza saa ngapi. Akacheka. Kumbe yamepita masaa matatu.

Sasa hapa ndo penye mambo. Ukilala usingizi wa kawaida ukiamka unajua kabisa ulikuwa umelala, muda umepita na mwili unajua umepita, pengine umeota, umegeukageuka, mkono umekufa ganzi. Huu haukuwa usingizi. "Nane" na sauti ya nesi vimeshonwa pamoja, katikati hamna kitu, hata giza hamna. Ningeliona giza ningesema basi nilikuwepo nikaliona. Sikuwepo.

Lugha yetu inasema mtu amepotewa na fahamu, baadae fahamu zimemrudia, yani zilitoka zikaenda pahala halafu zikarudi. Zangu zilienda wapi masaa matatu? Mimi toka utoto nimeaminishwa kuna "mimi" fulani humu ndani, mwili ni nyumba tu na yeye ni mpangaji. Sawa. Ila nilichopewa ni kemikali, imepita kwenye mshipa ikapanda kwenye ubongo ikazifanya seli zisielewane, basi. Dawa ya mshipa ilimpataje mpangaji? Ilitakiwa nyumba ndo izimike taa, mpangaji akae gizani anasubiri, na akitoka atuambie jamani humo ndani kulikuwa giza masaa matatu na nilichoka kusubiri. Mpangaji nae alizimika na taa. Au ndo taa yenyewe?

Nikaanza kusoma. Nimesoma vingi na vingine sijavielewa, ila kilichonitoa jasho ni hawa watu waliokatwa ubongo katikati. Ubongo una nusu ya kulia na nusu ya kushoto, zimeunganishwa na kama daraja la nyuzi hivi, nyuzi kama milioni 200. Kuna wagonjwa wa kifafa kikali ambao dawa ziligoma kabisa, madaktari wakaamua kulikata hilo daraja ili degedege lisivuke upande wa pili. Wakapona au wakapata nafuu, wakarudi makwao, ukikaa nae unapiga stori vizuri tu wala hugundui kitu. Halafu Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga kule Marekani wakaanza kuwapima (Sperry alipata Nobel mwaka 1981 kwa kazi hii).

Kuna jaribio moja, la baadae la Gazzaniga na mwenzake Joseph LeDoux, nimelirudia kulisoma mara nne. Nusu ya kushoto ndo kwa watu wengi ina maneno, inaongea. Nusu ya kulia inaona, inaelewa, ila kuongea haiwezi. Wakamwonyesha mgonjwa picha mbili kwa mpigo: nusu ya kushoto ikaona mguu wa kuku, nusu ya kulia ikaona nyumba imezungukwa na theluji. Wakamwambia chagua picha zinazoendana na ulichoona. Mkono wa kulia, ambao unaendeshwa na nusu ya kushoto, ukachagua kuku. Mkono wa kushoto ukachagua beleshi, maana theluji inazolewa na beleshi. Mpaka hapo safi. Wakamuuliza, mbona umechagua beleshi? Sasa anayejibu ni nusu ya kushoto, ambayo theluji haijaiona kabisa. Ilitakiwa aseme sijui. Hakusita hata kidogo: mguu wa kuku unaendana na kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku.

Hakudanganya wakuu. Aliamini. Ni kama msemaji wa ofisi ambaye kwenye kikao hakuitwa, ila waandishi wakija anatoka nje na tai yake anatoa taarifa iliyonyooka, na yeye mwenyewe anaiamini. Nikajiuliza, hii sauti ya kichwani kwangu inayosema "mimi nimeamua, mimi nataka", ina uhakika gani kwamba kikaoni ilikuwepo?

Na swali lililonikosesha usingizi, kama kulikuwa na roho moja kabla ya kisu, baada ya kisu ziko ngapi?

Karibuni. Matusi hapana.

#2

Nimeweka mkeka hapa, sitoki.

#3

Mleta uzi pole kwa oparesheni, Mungu akupe afya. Ila naomba nikurekebishe kidogo, mnachanganya chombo na mwenye chombo. Chukua redio. Ukiivunja antena sauti inakoroma, ukitoa betri inazima kabisa. Je mtangazaji yuko ndani ya redio? Yuko studio huko, anaendelea na kipindi chake wala hana habari. Ubongo ni redio, roho ni matangazo. Ulipopewa dawa redio ilizimwa. Hukumbuki kwa sababu kumbukumbu zinaandikwa kwenye redio, sio kwamba haukuwepo.

Halafu angalia hata tunavyoongea. Tunasema mkono WANGU, kichwa CHANGU, ubongo WANGU. Hayo mambo ya -angu hayakuja bure, kuna mmiliki. Hakuna mtu anasema "mimi ubongo".

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3 asante kwa kuja kistaarabu, huwa naogopa mada hizi zinavyogeuka vita.

Hoja ya redio ina umri mrefu kuliko redio zenyewe majumbani. William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, aliichapisha mwaka 1898 kwa mfano wa kioo cha rangi, kwamba kioo hakitengenezi mwanga, kinaupitisha tu na kuutia rangi. Ni hoja nzuri na siwezi kuivunja moja kwa moja. Kinachonisumbua ni aina ya uharibifu. Ukiharibu redio sauti inakoroma, sawa, ila mtangazaji habadilishi msimamo wake, hasahau aliyoyasema dakika iliyopita, haanzi kuchukia watu aliokuwa anawapenda. Ubongo ukiumia kinachoharibika ni mtangazaji mwenyewe.

Kuna mwanamuziki Mwingereza, Clive Wearing. Mwaka 1985 kirusi cha herpes kikamwingia kwenye ubongo kikala sehemu za kumbukumbu. Toka hapo kumbukumbu yake inadumu sekunde chache, haifiki hata dakika. Alikuwa na daftari anaandika: sasa ndo nimeamka kweli, mara ya kwanza. Anaweka na saa. Dakika chache mbele anaona ule mstari, mwandiko wake, anaukata kwa hasira anaandika upya: hapana, SASA ndo nimeamka. Kurasa na kurasa za hivyo. Mke akitoka chumbani akirudi anamkumbatia kama vile wamepotezana miaka. Piano anapiga vizuri tu. Sasa hiyo redio yako inayokoroma kwenye "leo na jana" lakini kwenye muziki na mapenzi iko safi, ni redio gani?

Na hiyo ya -angu mkuu, tunasema pia roho YANGU, nafsi YANGU. Tunasema "roho yangu imeniuma." Kwa lojiki yako basi kuna mmiliki mwingine nyuma ya roho, na nyuma yake mwingine. Sarufi tu hiyo, isitubebeshe mizigo.

#5

Mleta uzi uko vizuri ila usitupeleke upande wa pili ukatuacha huko. Watu wa sayansi hua mnasema "ubongo" kama vile kilo moja na robo tatu za nyama zote zinafanya kazi moja.

#6

Kilo moja na robo tatu ni ya nani huyo? Ya mtu mzima ni kama kilo 1.3 au 1.4 mkuu.

#5 tena

Haya 1.4, asante mwalimu. Hoja yangu ni kwamba seli za neva humo ni kama bilioni 86, na kati ya hizo kama bilioni 69 zimejazana kwenye ule ubongo mdogo wa kisogoni, serebela. Wapo watu wamezaliwa hawana serebela kabisa. Wanatembea kwa tabu, wanaongea kwa kukokota, ila wapo, wana "mimi" kama wewe. Yani toa zaidi ya robo tatu ya seli zote na mwenye nyumba bado yupo. Halafu ukaguse kipande kidogo tu kwenye shina la ubongo, mtu anazima palepale harudi. Kwa hiyo sio wingi wa seli, ni zinavyounganishwa na zinavyoongea. Hata hiyo nusu kaputi yako, sauti ya chumbani ilikuwa inafika kwenye ubongo, sehemu ya kwanza ya kusikia inaipokea kabisa, ila haisambai kwenda kwingine. Barua imefika posta, hamna wa kuigawa.

Na nyie mnaopenda kumleta Phineas Gage, yule wa nondo iliyompasua kichwa mwaka 1848 kwenye ujenzi wa reli, naomba mumlete na stori nzima. Ndio, daktari wake aliandika kwamba marafiki walisema sio Gage tena. Ila baadae alienda Chile akaendesha mikokoteni ya abiria ya farasi kwa miaka, kazi ya ratiba, abiria na farasi kadhaa kwa mkupuo. Huyo mnayemsimulia kwamba aligeuka mnyama asingeweza kufanya hiyo kazi. Nafsi iliumia halafu ikajishona, na hilo la kujishona ndo linanishangaza kuliko nondo.

#7

Naona mnapita mbali na wale waliokufa wakarudi. Watu moyo umesimama, wanajiona wako juu ya dari wanaangalia madaktari wanahangaika na mwili. Hilo mtalielezaje na nyama zenu?

#8

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, hizo stori nimezisikia kwa masikio yangu na wanaozisimulia sio waongo. Ila kuna vitu viwili mvijue.

Moja, mwaka 2002 huko Geneva, daktari Olaf Blanke na wenzake walikuwa wanampima mama mmoja wa miaka 43 mwenye kifafa, wamemwekea nyaya kwenye ubongo kutafuta degedege linapoanzia. Wakapitisha umeme kidogo sehemu fulani upande wa kulia, juu ya sikio kwa nyuma. Mama yuko macho, akasema anajiona kitandani kwa juu, anaelea kama mita mbili karibu na dari. Umeme ukizimwa amerudi. Ukiwashwa yuko darini. Na kitu kimoja watu hua hawakisimulii: alisema anaiona miguu yake na kiuno tu. Roho iliyotoka ingeona na kichwa bwana.

Mbili, daktari Sam Parnia na timu yake walifuatilia matukio 2,060 ya moyo kusimama kwenye hospitali kadhaa, matokeo yakatoka 2014. Waliopona ni 330, waliohojiwa 140. Walikuwa wamefunga shelfu karibu na dari zina picha ambazo ukiwa chini huzioni, ni wa darini tu ndo angeziona. Ila moyo haupangi miadi, matukio mengi yalitokea kwenye vyumba visivyo na hizo shelfu. Mmoja tu ndo alieleza mambo ya chumbani ambayo yaliweza kuhakikiwa, na alipokuwa shelfu hamna. Kwa hiyo ambaye anasema imethibitishwa, bado. Na anayesema imekanushwa, nae bado.

#9

Mimi siamini roho za kuelea ila bado nawapinga nyote mnaosema "ni ubongo" kama vile mmemaliza kazi. Hamjamaliza. Mmeonyesha ukigusa ubongo, mimi nabadilika. Sawa, nakubali kwa asilimia mia. Ila kwa nini kuna MTU anayehisi hayo mabadiliko? Kompyuta ukiigusa nayo inabadilika, ila hamna anayeumia ndani. Mwanafalsafa David Chalmers ndo aliliita hili swali gumu miaka ya 90. Mwaka 1998 aliwekeana dau na Christof Koch, mtafiti wa ubongo, Koch akasema ndani ya miaka 25 tutakuwa tumepata alama ya wazi ya fahamu kwenye seli. Juni 2023 wakakutana New York mbele za watu, Koch akakubali ameshindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo. Mtaalamu mwenyewe kalipa deni, nyie huku mnatangaza ushindi.

Na kabla hamjasema haya ni maswali ya wazungu, Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu wa Kiislamu aliyefariki 1037, alishauliza. Alisema fikiria mtu kaumbwa ghafla akiwa mzima, anaelea hewani, macho yamefunikwa, mikono na miguu haigusani, hasikii wala haoni chochote. Je atajua kwamba yupo? Ibn Sina anasema atajua, na hana habari kama ana mwili.

#10 (mleta uzi)

#9 umenikamata pazuri, huyo mtu anayeelea sikuwa namjua. Nimekaa nae tangu jana.

Ninavyoona mimi, kujua kitu bila kujua kimetengenezwa na nini haimaanishi hakikutengenezwa. Watu walikunywa maji na kuyajua fika miaka elfu kabla hawajasikia kuhusu oksijeni na haidrojeni. Huyo anayeelea anajua yupo, hajui ni kwa sababu ya seli bilioni 86, lakini ukimpenyezea ile dawa nyeupe hapo hapo hewani hata hilo la "nipo" linaondoka. Ibn Sina hakuwa na dripu.

Ila la "kwa nini kuna anayehisi" nakubali, sina. Nadhani ninachokitetea sasa ni kidogo kuliko nilichoanza nacho. Kule mwanzo nilisema "mimi" kama kitu kimoja, nikawa natafuta kinakaa wapi. Sasa naona kila mgonjwa tuliyemtaja hapa amepoteza kipande tofauti. Clive kapoteza wa jana, mama wa Geneva alihamishwa pa kusimama, yule wa beleshi ana msemaji asiyejua cha kikaoni. Kingekuwa kitu kimoja kingevunjika namna moja. Naanza kudhani "mimi" ni kazi, kama kucheza ngoma, na ngoma huulizi imewekwa kabati gani wachezaji wakikaa.

#3 tena

Mleta uzi, mpiga ngoma nani sasa? 😂

#10 tena

Mkuu umerudi. Nitakufa na hilo swali.

#11

Sijasoma sana kama nyie ila naomba niseme. Mama yangu ana mwaka wa sita na ugonjwa wa kusahau. Jina langu lilienda mwaka wa tatu. Mwaka jana alinisimulia kuhusu binti yake ambaye haji kumwona, kumbe ndo mimi nimekaa mbele yake. Siku hizi haongei.

Ila nikiingia chumbani, kola yangu ikiwa imekunjika, mkono unanyanyuka unainyoosha. Toka nasoma shule ya msingi alikuwa ananifanyia hivyo mlangoni, hasemi kitu, ananyoosha kola halafu anapiga bega mara moja. Anapiga bega hadi leo. Daktari aliniambia mazoea ya mikono yanakaa sehemu nyingine ya ubongo, huharibika mwishoni. Naelewa, na mleta uzi ungesema ni kipande tu kimebaki. Lakini nikiulizwa kama mama yupo siwezi kusema hayupo, na nikiulizwa kama ananijua siwezi kusema ananijua. Siku nyingine naikunja kola makusudi kabla sijaingia.

#12

Dada #11 pole sana. Daktari wako yuko sahihi, mazoea ya mikono na kumbukumbu za matukio zinakaa sehemu tofauti. Kuna Henry Molaison, Mmarekani, alifanyiwa oparesheni ya kifafa mwaka 1953 akiwa na miaka 27, wakamtoa sehemu za kumbukumbu pande zote mbili. Hakuweza tena kutunza jambo jipya mpaka anafariki 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku anaangalia kioo, kazi ngumu kweli, mkono unaenda kinyume. Siku ya tatu alikuwa anaichora vizuri sana. Kila siku anaambiwa njoo uchore anasema sijawahi kuifanya hii. Mkono ulikuwa unamjua kuliko yeye anavyojijua.

Kwa hiyo bega lako linapigwa na mtu, dada.

#11 tena

Asante.

#13

Nimechelewa ila nimekuja na vitendo. Nilisoma kuhusu jaribio la mkono wa mpira la watafiti Botvinick na Cohen, 1998, nikasema acha nijaribu maana hamna gharama. Nikachukua glovu ya mpira nikaijaza vitambaa mpaka ikasimama kama kiganja, nikaiweka mezani mbele yangu. Mkono wangu wa kulia nikauficha pembeni nyuma ya kitabu kikubwa kilichosimamishwa, nisiuone. Mdogo wangu akachukua brashi mbili, moja anapitisha kwenye glovu nyingine kwenye mkono wangu uliofichwa, kwa wakati mmoja, kidole kwa kidole, mwendo uleule. Dakika ya kwanza nacheka tu. Alipokosea muda, brashi moja ikatangulia, hamna kitu. Alipopata mwendo, kama dakika ya pili hivi, kuna kitu kilihama. Siwezi kueleza vizuri, nilijua kabisa ile ni glovu, nimeijaza mwenyewe, lakini brashi nilikuwa naihisi PALE, kwenye glovu.

Sasa huyu mtoto bila kuniambia kavuta nyundo chini ya meza akaipiga ile glovu. Nimepiga ukelele nyumba nzima imekuja. Nimeruka na kiti, mkono wa kushoto umeshika glovu naikumbatia kifuani. Mkono wangu wenyewe ulikuwa bado umelala nyuma ya kitabu, mzima, hakuna aliyeugusa, na sikuukumbuka mpaka mama aliponiuliza huo mwingine umefanya nini.